Malik Ambar: Mhabeshi aliyekatwa kichwa kwenye picha

Miezi michache iliyopita nilikuwa mmoja wa wazee wanne tuliopeleka posa katika nyumba moja hapa Mpanda mjini. Kijana tuliyemposea namjua vizuri. Anaswali, ana kazi yake ya halali, hana kelele mtaani. Wenyeji wetu walitupokea kwa heshima, wakatupa kahawa na tende, na mazungumzo yakaenda vizuri mpaka mjomba wa binti alipouliza babu yake kijana alitoka wapi. Tukajibu kweli, kwamba babu yake aliingia nchini kutoka Burundi mwaka 1972 na kwamba baba yake amekulia Katumba. Kikao kikapoa. Mjomba akatuambia kwa upole kwamba hawana ubaya na kijana, ila suala la kufu lazima litazamwe, na mtoto wao hawawezi kumpeleka kwa wakimbizi.

Ndugu msomaji, siku ileile mchana mzee yule na kijana yule walikuwa wameswali Ijumaa katika safu moja. Niliwaona kwa macho yangu, bega kwa bega.

Nilirudi nyumbani na maisha ya mtu mmoja yakanijia kichwani. Ni mtu aliyekufa miaka mia nne iliyopita, jina lake ni kubwa katika historia ya Waislamu wa India, lakini kwetu sisi Afrika Mashariki, alikotoka, hatufundishwi habari zake. Jina lake ni Malik Ambar. Leo nataka nimsimulie, pamoja na picha aliyochorwa na adui yake, kwa sababu picha ile na maneno ya yule mjomba naviona ni vitu vya namna moja.

Malik Ambar alizaliwa karibu mwaka 1548 katika nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia. Angali kijana mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa Bahari ya Sham mpaka bandari ya Mukha, Yemen. Mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi, Pieter van den Broecke, ambaye baadaye alimtembelea akiwa mtawala, ameacha maandishi kwamba bei yake pale sokoni ilikuwa dukati 20. Kutoka hapo alipelekwa Baghdad. Tajiri aliyemnunua huko aliona kwamba kijana ana akili, akamsomesha, akasilimu, akapewa jina la Ambar. Wasomaji wa pwani wanalijua neno hilo. Ni ile ambari inayookotwa baharini na kutiwa katika manukato. Ilikuwa desturi ya mabwana kuwapa watumwa majina ya vitu vya thamani na vya kunukia, kana kwamba jina zuri linamfidia mtu jina alilopewa na mama yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1570 alivushwa bahari tena, safari hii akaenda India, upande wa Deccan, nyanda za juu ambako zilikuwepo dola za masultani wa Kiislamu: Ahmadnagar, Bijapur, Golkonda na wengine. Masultani hao walikuwa wakinunua Wahabeshi kwa wingi na kuwafanya askari. Aliyemnunua Ambar alikuwa waziri mkuu wa Ahmadnagar, Chengiz Khan. Huyu si yule Mmongoli. Huyu naye alikuwa Mhabeshi, na naye alikuwa mtumwa zamani. Inasimuliwa kuwa alikuwa na askari watumwa elfu moja wa Kihabeshi. Kwa hiyo Ambar alipoingia katika nyumba ile alimwona kwa macho yake mtu wa rangi yake, aliyeuzwa kama yeye, akiwa amekalia cheo cha pili kwa ukubwa katika dola.

Chengiz Khan alipofariki, mjane wake alimwacha Ambar huru. Akaoa. Akahangaika miaka mingi, mara hapa mara pale, akitumikia jeshi la huyu na la yule. Alikaa Bijapur, na huko ndiko alikopata lakabu ya Malik. Mwaka 1595 alirudi Ahmadnagar akiwa na wapanda farasi wapatao 150 tu. Wakati huo dola kubwa ya Wamughali kutoka kaskazini, chini ya Mfalme Akbar, ilikuwa inashuka kuzimeza dola za Deccan moja baada ya nyingine. Mwaka 1600 ngome ya Ahmadnagar ilianguka. Sultani akatekwa. Wakubwa wengi wakaanza kutafuta pa kujisalimisha.

Ambar hakujisalimisha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, umri ambao wengi wetu tunaanza kuhesabu siku za kupumzika. Alimtafuta kijana wa ukoo wa kifalme, akamtawaza kwa jina la Murtaza Nizam Shah wa Pili, akamwoza binti yake mwenyewe, kisha yeye akabaki waziri na mkuu wa jeshi. Wale wapanda farasi 150 wakawa maelfu. Mwingereza mmoja aliyekuwa India miaka hiyo, William Finch, alilikadiria jeshi lake kuwa na Wahabeshi 10,000 na wenyeji wa Deccan 40,000. Miongoni mwa wenyeji hao walikuwamo Wamaratha, ambao ni Wahindu, wapanda farasi hodari waliozijua njia zote za milimani. Jeshi la Wamughali lilikuwa na mizinga na tembo, na lilitembea polepole kama mji unaohama. Ambar hakulikabili uso kwa uso. Alilikatia chakula, akalivamia usiku, akapotea kabla ya alfajiri. Aliendesha vita hiyo zaidi ya miaka ishirini.

Na hakuwa mtu wa vita peke yake. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khirki. Aliuchimbia mifereji ya chini kwa chini, iliyoitwa Nahr-i-Ambari, ikayaleta maji kutoka milimani mpaka mjini, na ikaendelea kuwanywesha watu karne nyingi baada yake. Alijenga misikiti. Alipanga upya kodi ya ardhi ili mkulima atozwe kwa kadiri ya ubora wa shamba lake na mavuno yake. Sisi tunaoishi katika mkoa wa wakulima tunajua tofauti ya kodi inayoangalia mavuno na kodi isiyoangalia kitu.

Sasa nije kwenye picha.

Akbar alifariki mwaka 1605 na mwanawe Jahangir akatawala mpaka 1627. Jahangir alipenda sana picha. Wafalme wa Kimughali waliwaleta mabingwa wa kuchora kutoka Uajemi tangu zama za Humayun, baba yake Akbar, na wakawaweka katika karakana za kifalme pamoja na wachoraji wa Kihindi. Najua msomaji atauliza habari ya hukumu ya kuchora viumbe. Maneno ya wanazuoni juu ya jambo hilo yanajulikana, na wafalme hawa hawakuyafuata. Siandiki kuzisifu picha zao. Naziandika kama shahidi, kwa sababu mtawala anapolipa watu wamchore, hutuachia ushahidi wa jinsi alivyotaka kuonekana, na pia wa kile kilichomkosesha usingizi.

Katika picha za baraza la mfalme hakuna mtu aliyesimama mahali pake kwa bahati. Mfalme yuko juu, amechorwa kwa upande mmoja wa uso, na picha nyingi zinamzungushia duara la nuru kichwani, jambo ambalo wachoraji waliliiga kwenye picha za Wazungu. Chini yake wanawe. Kisha wakubwa wa dola, kila mmoja kwa daraja lake, maana kila ofisa wa Wamughali alikuwa na namba ya cheo. Mwenye namba kubwa husimama karibu na kiti cha enzi, mwenye namba ndogo hurudi nyuma, na walinzi na wapiga ngoma wako nje ya uzio. Katika baadhi ya picha majina ya wakubwa yameandikwa juu ya nguo zao, mtu asije akakosea nani ni nani. Ukiitazama picha moja ya namna hii umekwisha kuisoma katiba ya dola ile.

Na pale ambapo hali halisi haikumridhisha mfalme, brashi iliirekebisha. Kuna picha ya mchoraji Bichitr ambayo leo iko Washington. Jahangir amekaa juu ya kioo kikubwa cha kupimia saa kwa mchanga, anampa kitabu shehe wa Kisufi. Chini ya shehe yupo sultani wa Kiosmani, chini yake Mfalme James wa Uingereza, na chini kabisa mchoraji mwenyewe. Yule sultani na yule mfalme wa Uingereza hawakupata kusimama mbele ya Jahangir hata siku moja. Kuna nyingine ya Abu'l Hasan, ambapo Jahangir anamkumbatia Shah Abbas wa Uajemi. Wamesimama juu ya dunia, Jahangir juu ya simba, Shah Abbas juu ya kondoo, na Shah amechorwa mdogo na mnyonge. Hao nao hawakupata kukutana.

Ndipo tufike kwa Malik Ambar. Picha yake ilichorwa na huyohuyo Abu'l Hasan mnamo mwaka 1616, na sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty, Dublin. Jahangir amesimama juu ya tufe la dunia. Dunia iko juu ya ng'ombe dume, ng'ombe yuko juu ya samaki. Kuna mizani ya uadilifu. Juu kuna watoto wenye mabawa wanaomletea silaha kutoka mbinguni. Mfalme amevuta upinde, na mbele yake, juu ya ncha ya mkuki, kuna kichwa cheusi kilichokatwa. Ni kichwa cha Malik Ambar. Juu ya kichwa hicho ametua bundi. Hapa kwetu sihitaji kueleza maana ya bundi, na huko India maana ilikuwa hiyohiyo. Pembeni kuna maandishi ya Kiajemi yanayomtaja Ambar kwa rangi ya ngozi yake na kuifananisha na usiku.

Ndugu msomaji, kichwa kile hakikupata kukatwa. Ni kweli mwaka 1616 majeshi ya Jahangir yalimshinda Ambar karibu na Khirki na kuuharibu mji wake. Lakini yeye mwenyewe hawakumpata. Mwaka 1617 Khurram, mtoto wa mfalme, alikuja na jeshi kubwa zaidi, na Ambar akalazimika kurudisha ngome na ardhi. Baada ya muda akazidai tena kwa upanga. Mfalme aliyesimama juu ya dunia nzima alishindwa kumpata mzee mmoja aliyeuzwa kwa dukati 20, basi akamkata kwa rangi. Hata katika kumbukumbu zake alizoandika, Jahangir hakuweza kumtaja bila kumtukana, na mara nyingi tusi lenyewe lilikuwa ni weusi.

Lakini nisiseme kwamba dharau ilikuwa kwa maadui tu. Ilikuwemo hata nyumbani. Inasimuliwa kwamba Sultani Murtaza alikuwa na mke mwingine wa Kiajemi, na siku moja katika ugomvi wa wake wenza yule bibi akamwambia binti wa Ambar kwamba yeye ni mtoto wa mtumwa tu. Binti huyu baba yake ndiye aliyeiokoa dola, ndiye aliyemweka mumewe kwenye kiti, lakini ulipofika ugomvi alirudishwa Mukha sokoni kwa neno moja. Habari zilimfikia baba. Mwaka 1610 sultani akafa, na wasimulizi wanasema yeye na yule mke walilishwa sumu kwa amri ya Ambar. Kama ni kweli, ni dhuluma, na atajibu mbele ya Mola wake. Sikuandika makala hii kumfanya malaika. Ila nakumbusha kwamba neno la dharau juu ya asili ya mtu halipotei hewani. Hukaa, huoza, na siku moja hulipuka nyumbani mwa aliyelisema.

Mwaka 1624 majeshi ya Wamughali na ya Bijapur yaliungana kummaliza. Ambar alikuwa anakaribia miaka 80. Pale Bhatvadi alibomoa kingo za ziwa, ardhi ikawa tope, farasi na mizinga ya maadui ikanasa, akawapiga. Na angalieni mzunguko wa dunia: Khurram, yule aliyemshinda mwaka 1617 na kupewa jina la Shah Jahan kwa ushindi huo, aliasi dhidi ya baba yake. Aliposhindwa huko kaskazini na kukosa pa kwenda, alirudi Deccan na kupata msaada kwa Malik Ambar.

Alifariki kwa amani mwezi Mei 1626. Mwandishi wa habari za Jahangir, Mu'tamad Khan, alikuwa mtu wa upande wa adui. Naye, alipofika kwenye kifo hicho, aliandika kwamba katika vita, uongozi na busara ya maamuzi Ambar hakuwa na mfano, na kwamba alikufa akiwa na heshima yake. Hata wachoraji wa Kimughali hawakubaki na bundi peke yake. Iko picha nyingine, kazi ya Hashim, sasa iko London. Hapo Ambar amesimama peke yake, mzee mwenye mwili, amevaa mavazi meupe, ana upanga. Hakuna mkuki wala kejeli. Ni mtu aliyechorwa kama mtu.

Alizikwa Khuldabad. Mji wake wa Khirki ulikuja kuitwa Aurangabad kwa jina la Aurangzeb, mjukuu wa Jahangir. Na Aurangzeb mwenyewe, mfalme aliyetawala karibu India nzima, alipofariki mwaka 1707 alizikwa Khuldabad hapohapo, katika kaburi la kawaida lisilo na kuba. Mjukuu wa mfalme na mtumwa wa Kihabeshi wako katika ardhi ya mji mmoja, wanangoja baragumu moja.

Sasa nirudi Mpanda. Sisi wa mkoa huu wa Katavi hatuna haki ya kusikiliza habari hizi kama hadithi za mbali. Njia za misafara zilipita hapa, katika nchi ya Wakonongo na Wabende, kutoka Tabora mpaka Karema ziwani. Watu walifungwa minyororo katika njia hizo, na tuseme kweli ingawa inauma: waliowafunga na kuwauza, baadhi yao walikuwa wakiswali. Wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga tunaishi wote hapa, na nani ataapa kwamba anajua babu yake alikuwa upande gani wa mnyororo?

Kisha wakaja ndugu zetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Katumba ilifunguliwa 1973, Mishamo 1978. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na mji wetu ukala. Mwaka 2010 dola iliridhia uraia wa watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kuanzia 2014 wakapewa vyeti vyao. Kwa sheria ni Watanzania kama mimi. Lakini katika picha tuliyonayo vichwani mwetu bado wamesimama nje ya uzio, karibu na wapiga ngoma.

Mjomba alitaja kufu. Ni kweli wanazuoni wamelizungumza, na wametofautiana. Wapo waliotazama nasaba, na wapo, kama Imam Malik, waliotilia uzito dini ya mtu. Ila tukumbuke Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipokuja kwa Mtume (s.a.w.) kutaka shauri la wachumba wake. Mmoja wa wachumba hao alikuwa Muawiya, mtoto wa mkubwa wa Makka. Mtume akamwelekeza aolewe na Usama, mtoto wa Zaid aliyekuwa mtumwa. Bibi yule mwanzoni hakupenda, kisha akatii, na akaja kusema kwamba Mwenyezi Mungu aliweka kheri nyingi ndani yake. Na siku ya kufunguliwa Makka, mabwana wa Kikureshi wakiwa wamesimama chini, aliyepanda juu ya Al-Kaaba kuadhini alikuwa Bilal (r.a.), Mhabeshi. Ile nayo ilikuwa picha ya madaraka, ila haikuhitaji rangi wala brashi.

Uislamu umetupa picha moja tu ya daraja za watu, nayo ni safu. Anayewahi anakaa mbele, anayechelewa anakaa nyuma, awe mheshimiwa au mbeba mizigo wa stesheni. Daraja zilizobaki anazijua Mwenyezi Mungu peke yake, maana zimo katika ucha Mungu, na ucha Mungu hauchoreki. Tatizo letu ni kwamba tukitoa salamu na kukunja mikeka, tunaondoka na picha ya Jahangir mfukoni.

Yule kijana bado anaswali msikiti uleule, na bado anasimama safu ya mbele. Mzee naye yupo. Sisi wazee wanne tumekubaliana kurudi kwenye nyumba ile baada ya mavuno, na safari hii nitaomba nikae karibu na mjomba. Nitamsimulia habari za Mhabeshi mmoja na bundi. Namuomba Mwenyezi Mungu auelekeze moyo wake na yangu mimi pamoja, kwani sijui ningejibu nini kama posa ile ingeletwa mlangoni kwangu.

Wallahu a'lam.